Sijasikia, Rudia

Kazi hii imenigharimu sikio la kushoto lote na nusu ya sikio la kulia. Nimehesabu mara mbili, kwanza kwa mashine ya hospitali kule Mbeya, kisha kwa saa ya ukutani nyumbani kwangu Chapwa, na hesabu zote mbili zimekubaliana, jambo ambalo katika biashara zangu halikutokea mara nyingi. Nusu iliyobaki ningeiacha izeeke taratibu kama mwenyewe, ila nina shughuli nayo. Mke wangu bado anaimba jioni, nami bado nataka kumsikia. Mengine yote nitakayoandika hapa yanaelekea huko, hata pale mtakapoona naongea habari za gundi.

Siku mliponiaga, vijana wangu wa vibandani, mkanipa soda na kiti cha plastiki, mliniomba niwaachie maarifa kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo siku hizi hatuelewani. Ni kweli. Juzi mmoja wenu aliniuliza kuhusu koili iliyoungua, nikamjibu kwamba mke wangu hajambo. Nalo halikuwa kweli.

Nilizaliwa Hasamba, kwenye kahawa na mahindi, kwa baba aliyekuwa na redio moja na maoni mengi kuhusu redio hiyo. Ilikuwa ya betri, spika yake sawa na kiganja cha mtoto, sauti yake kama ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Baba akagundua kwamba ukiilaza ndani ya mtungi mkubwa wa maji na mdomo wa mtungi ukauelekeza uani, sauti inatoka imenona. Kuanzia hapo maji tukanywa ya ndoo, mtungi ukawa wa muziki. Mama alilalamika msimu mzima, lakini jioni alikuwa wa kwanza kuvuta kigoda. Majirani nao walikuja na vigoda vyao. Baba hakutoa kiti kwa mtu. Alisema sauti ni ya bure, makalio kila mtu aje na pa kuyaweka.

Jioni moja niliingiza kichwa ndani ya mtungi nijue ndani kukoje. Nimesikiliza vitu vingi vya bei baada ya hapo, lakini ile sijaipata tena. Muziki ulinizunguka, nikawa sina ndugu wala jirani. Nikashtukia navutwa miguu.

"Toa kichwa," baba akasema. "Umetuzibia wote."

Nikatoa. Hiyo ndiyo ilikuwa hedifoni yangu ya kwanza, na ilidumu nusu ya wimbo.

Tunduma nilikuja kwa Mzee Sichone, Mnamwanga mwembamba mwenye kibanda cha mabati karibu na mpaka. Alikuwa fundi redio, ila moyo wake ulikuwa kwenye spika. Redio alizitengeneza kama mtu anayelipa deni. Spika alizitengeneza huku akipiga mluzi. Siku ya kwanza nilitegemea kupewa bisibisi. Alinipa kigoda, akanivusha ng'ambo ya barabara, akaniambia nikae hapo.

"Nitapiga kanda ya kwaya," akasema. "Wimbo wa tatu, ubeti wa pili, kuna binti anaimba sauti ya pili. Anawahi kuingia kabla ya wenzake. Ukimsikia, nyoosha mkono."

"Na nisipomsikia?"

"Basi twita imekufa, na wewe utakuwa bado hujapata chakula cha mchana."

Twita ndicho kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, nyie mnajua, naandika kwa ajili ya wake zenu watakaosoma. Nilishinda pale nikinyoosha mkono kila binti alipoingia. Mfanyabiashara mmoja Mzambia alidhani namsalimia, akawa kila nikinyoosha ananijibu, "Mulishani, mulishani," mpaka jioni akaja kuniuliza kama namfahamu.

Mzee Sichone hakujaribu spika akiwa ameiinamia hata siku moja. Alikuwa na sababu mbili, akizitaja kwa mpangilio ule ule kila mara. Spika ni ya nyumba, na nyumba ina watu wa jikoni, wa chumbani na wa uani. Ukiipima puani kwako umeipima kwa ajili yako peke yako. Sababu ya pili, masikio hayana spea. Ile ya kwanza niliishika. Ya pili niliona ni ya wazee.

Zana zetu zilikuwa chache: pasi ya kuchomea risasi tuliyoipasha kwenye jiko la mkaa, wembe, sindano, uzi, na gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe. Koni ya spika ikichanika alikata kipande cha karatasi ya daftari, akakibandika kwa uji ule, akaanika. Ilikuwa kazi safi mpaka panya walipojua. Spika za kanisa moja zililiwa zote kati ya Jumapili na Jumapili, ikabaki sumaku na fremu, kama samaki aliyeliwa na mtu mwenye adabu. Mzee akafikiri siku mbili, akaanza kuchanganya uji na pilipili ya kusaga. Panya waliacha. Tatizo likahamia kwa mwalimu wa kwaya, ambaye kila besi ilipogonga alipiga chafya. Alirudi kulalamika. Mzee akamwambia chafya haijawahi kuharibu spika, na kwamba hilo lilikuwa ni bure, hakuliweka kwenye bei.

Kanda ile ya kujaribia aliirekodi mwenyewe, kwa maikrofoni moja, siku kwaya ya kutoka milima ya Ileje ilipokuja kuimba Tunduma. Niliisikiliza kila siku kwa miaka. Nilimjua yule binti wa sauti ya pili kuliko nilivyowajua dada zangu. Nilijua anavuta pumzi wapi. Nilijua ana haraka. Siku moja nikamuuliza mzee kama anajua jina lake.

"Mimi natengeneza spika," akasema. "Kama unataka mwenye sauti, panda mlima."

Nikapanda. Wajomba zake walinikalisha kwenye benchi tangu asubuhi, wakataja mahari. Nikafanya ambavyo baadaye nilizoea kufanya kibandani, nikaweka kiganja sikioni nikasema sijasikia. Mjomba mkubwa akarudia, na aliporudia ng'ombe mmoja alikuwa ameongezeka. Nikasikia vizuri sana baada ya hapo. Ndivyo nilivyompata Mama Lusajo, na ni biashara pekee ambayo sijawahi kuona nililaliwa.

Enzi zile spika moja ilikuwa ya watu wengi. Nyumba za kupanga hapa Tunduma mnazijua: vyumba sita, dari moja, na dari yenyewe haijazibwa kati ya chumba na chumba. Mwenye spika akipiga chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anacheza. Nyumba moja ya Chapwa ilikuwa na dereva wa lori mwenye spika nzuri kuliko mtaa wote. Alipokuwepo alipiga, wapangaji wakachangia umeme bila ugomvi. Aliposafiri aliiacha spika chumbani kwa mpangaji wa pili, ila alichomoa fyuzi akaenda nayo mfukoni mpaka Lusaka.

Baada ya siku chache wapangaji wote walikuja kibandani, wameibeba spika kama mgonjwa.

"Fundi, haisemi," mama mmoja akasema. "Nyumba imekuwa kama ya msiba. Mtu akikohoa tunajua nani."

Nikaangalia, nikaona fyuzi haipo. Kitu cha kuweka dakika moja. Niliizungusha spika mara mbili, nikaguna, nikataja bei. Wakataja yao. Tukakutana katikati, na katikati yangu siku zote ilikuwa karibu na kwangu. Dereva aliporudi akakuta muziki unapiga, akaitoa fyuzi yake mfukoni akaitazama, kisha akaketi na wenzake. Hakuniuliza kitu. Alikuwa amezoea mipaka.

Mzee Sichone alipofariki nilirithi kibanda, kigoda na kanda. Hapo ndipo nilipoiacha kanuni ya ng'ambo ya barabara, na nitawaambia kwa nini. Ukivuka barabara kujaribu spika, mteja anabaki peke yake kibandani, na kibanda cha pili kina mtu anayemwita kwa jina. Kwa hiyo nikawa najaribu papo hapo. Tena nikabuni mbinu. Mkono wangu wa kushoto ulikaa nyuma ya amplifaya, kwenye kitufe cha sauti. Mteja akitaja bei ndogo, muziki unapanda. Nainamisha kichwa. "Sijasikia, rudia." Na mtu mzima akilazimika kupiga kelele mbele za watu, anaona haya kupiga kelele ya bei ndogo. Anataja kubwa kidogo. Nami nasikia.

Wazambia walinijua. "Ba mudala masikio," walikuwa wakiniita, yaani mzee masikio, na walikuja na bei zao zimeandikwa kwenye viganja, wananionyesha. Mke wangu naye aliijua. Mchana akiniletea chakula alikuwa akisimama mlangoni akinitazama nikifanya.

"Baba Lusajo, mbona hata mimi nikikuomba ya mboga muziki unapanda?"

"Sijasikia."

"Utalala njaa. Hilo umesikia?"

Hilo nilisikia.

Kisha zikaja sabufa. Kila kijana aliyepata chumba alitaka sabufa kabla ya kitanda. Biashara ilikuwa nzuri, na nilishinda katikati ya maboksi kama mhunzi katikati ya nyundo. Spika zilikuwa upande wa kushoto, upande wa mkono wangu. Fanyeni hesabu wenyewe. Usiku masikio yalipiga mluzi kama birika. Nilidhani ni uchovu.

Na baada ya sabufa, kimya. Nakumbuka nilivyokitambua. Nilikwenda kurudisha spika kwenye ile nyumba ya vyumba sita, wapangaji wapya wote. Nikapita ukumbini, milango wazi. Kila chumba kilikuwa na mtu, kila mtu ana waya masikioni, mmoja anacheza, mwingine anafuta machozi, mwingine anacheka peke yake. Hakuna aliyenisikia nikibisha. Zamani nyumba ile ningeisikia kutoka barabarani. Nikaiweka spika mlangoni kwa mwenyewe nikaondoka kama mtu aliyepita makaburini.

Iafoni hizo za masikioni nazo zilikuja kibandani, waya mwembamba kama unywele, kuitengeneza ni kazi kuliko kuinunua. Nilijaribu. Nilitaja bei, mteja akacheka kwa heshima akaenda kununua mpya kwa Mmachinga. Hapo niliwachukia watu wa iafoni kwa sauti, kama mnavyokumbuka, mkanicheka. Niliwaambia muziki wa sikioni ni uchoyo. Niliwaambia habari za mtungi wa baba mpaka mkazichoka.

Nilibadilika kidogo kwa sababu ya mjukuu wangu Neema, binti wa Lusajo, anayeishi nasi na ana kibanda cha kutuma pesa. Huyo chakula cha jioni alikula na hedifoni kubwa shingoni kama kola. Siku moja aliichukua ile kanda ya kwaya, akaihamishia kwenye simu, akanivisha.

"Sikiliza, babu. Usinibishie kabla."

Nilisikia kitu ambacho spika zote nilizotengeneza hazikuwahi kunipa. Kabla ya ubeti wa pili, kabla hajawahi kuingia, yule binti alimeza mate. Alikuwa na woga. Miaka yote nilidhani ni haraka. Nikamtazama mke wangu aliyekaa kitini akichambua maharage, nikataka kumuuliza, nikaona atanicheka. Nikaivua nikamrudishia Neema.

"Si mbaya," nikasema.

"Bei gani?" akauliza.

"Si mbaya, basi."

Kwa hiyo nawaambia kwa haki: hedifoni hukuonyesha mtu mmoja kwa ndani. Spika hukuonyesha mmekaa wangapi. Mteja akikuuliza kipi bora, muulize kwanza nyumbani yuko na nani.

Kisha nikaanza kumkosa. Nilikuwa nikijaribu twita kibandani, wimbo wa tatu, ubeti wa pili, na binti haingii. Nikabadilisha twita. Haingii. Nikabadilisha nyingine, nzima, ya kwenye karatasi. Mmoja wenu akasema, "Mzee, mbona anasikika?" Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nakujaribu. Nikafunga kibanda mapema.

Daktari wa Mbeya, kijana mpole, alinichorea mstari unaoshuka kama mteremko wa Mlowo. Sikio la kulia sauti nene zimebaki, nyembamba zimekwenda. Kwa lugha yetu, wufa inadunda, twita zimeungua. Akanitajia kifaa cha sikioni na bei yake. Nikaweka kiganja sikioni nikasema sijasikia. Akairudia kwa upole, ile ile, haikushuka wala kupanda. Nilitoka bila kifaa. Miezi michache baadaye niliazima cha jirani; kilipiga mluzi kila mke wangu aliposogea, akawa anakikimbia kama nyoka.

Maana wakati huo yeye naye alikuwa ameanza kwenda, kwa njia yake. Alianza na majina. Kisha akaacha jiko linawaka akaenda kwa jirani kuulizia jiko letu liko wapi. Akawa anapanga mizigo ya kurudi Ileje kwa wajomba ambao wote tumeshawazika. Kitu kimoja hakikuguswa. Jioni nikipiga kanda kwenye spika ya sebuleni, ile niliyomtengenezea tulipooana, anakaa, anakunja mikono, anaimba sauti yake ya pili tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kukosea neno. Na bado anawahi. Neema ndiye aliyeniambia kwamba anawahi. Mimi niliona mdomo tu.

Nikipandisha spika nimsikie, anaziba masikio na kulia. Nikiishusha kwa kiasi chake, nakaa mbele ya mke anayeimba kama natazama samaki. Nikivaa hedifoni nasikia kanda, yaani namsikia yeye alipokuwa binti. Yeye aliyekaa mbele yangu simsikii. Tena hakupenda kuniona nimeziba masikio. "Amekasirika," alimwambia Neema. "Amefunga mlango." Ndivyo Neema alivyonieleza.

Nikafanya nilichojifunza kufanya. Nilikuwa na miksa ndogo ya kanisani iliyoachwa na mteja ambaye hakurudi. Nikaisafisha. Kanda nikaipeleka kwenye spika kwa kiasi chake yeye, na pia kwenye hedifoni kwa kiasi changu mimi. Msisahau kwamba ukichomeka hedifoni kuna kijilimi ndani ya tundu kinachokata spika. Nilikiruka kwa kipande cha waya. Kisha nikaweka maikrofoni kwenye meza yake, chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, waya ukapita nyuma ya kabati mpaka kwenye miksa, na zile sauti nyembamba nikazisukuma juu mpaka mwisho wa kitufe. Ili asinione nimefunga mlango, nikakaa sakafuni nyuma ya boksi la spika, bisibisi mkononi, kama mtu anayetengeneza.

Jioni ya kwanza aliingia. Wimbo wa tatu, ubeti wa pili. Waliingia wawili, binti kwenye kanda na bibi kwenye kiti, wote kabla ya kwaya. Sauti ya sasa ina mikwaruzo kama koni iliyobandikwa. Nilikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Niliikaza mpaka wimbo ukaisha.

Nilikuwa na jioni tisa au kumi za namna hiyo. Jioni iliyofuata, kanda ilipofika mwisho wa upande wa kwanza, kukawa kimya, na maikrofoni ikiwa wazi nikamsikia amemgeukia Neema.

"Huyu mzee anayekuja kila jioni ni nani?"

"Ni fundi, bibi," Neema akajibu, haraka, kama mtu aliyezoea swali.

"Fundi wa nini?"

"Wa spika."

"Mbona hamalizi?"

"Spika ni ya zamani, bibi."

"Mmeshamlipa?"

"Bado."

"Msimlipe kabla hajamaliza. Mafundi wa Tunduma nawajua. Niliolewa na mmoja."

Nikainamia boksi.

"Alikuwaje?" Neema akauliza.

"Mwizi wa bei. Ukimtajia ndogo anapandisha muziki." Akacheka, kicheko kile kile cha mlangoni pa kibanda. "Mpeni huyu mzee chai. Mume wangu akirudi atamkagua kazi. Amechelewa leo."

Upande wa pili ukaanza, akaimba.

Niliijua kazi ya kujifanya sijasikia kuliko mtu yeyote mpaka Kapiri Mposhi. Nilikunywa chai. Nilipovua hedifoni Neema aliona taa ya miksa inawaka upande wa maikrofoni, akaufuata waya kwa macho mpaka chini ya kitambaa.

"Babu. Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

Akakaa karibu na sikio la kulia. Akaniambia swali lile lipo tangu kahawa ilipoanza kuchumwa. Mwanzoni alimjibu ni babu, ni mumeo, na bibi alitetemeka akasema mume wake ni kijana, huyu mzee anataka nini. Baada ya siku chache akapata jibu la fundi, na jibu la fundi likatuliza. Akaniomba nimsamehe.

"Jibu zuri," nikamwambia. "Tena la kweli."

Hapo ndipo nilipo, vijana, na sasa nafika kwenye ombi langu. Nimestaafu bila kumdai mtu wala kudaiwa. Nimehakiki mara mbili. Nataka ushauri tu, wa bure, na mnajua sijawahi kuwaomba kitu cha bure nikakosa kukilipia kwa maneno. Nikiitoa maikrofoni, swali silisikii tena, lakini na yeye simsikii. Nikiiacha, napata wimbo, na kati ya upande wa kwanza na wa pili napata lile jingine. Nimetengeneza vichujio maisha yangu yote. Najua cha kuzuia besi isiende kwenye twita, najua cha kuzuia muungurumo wa umeme. Nyie mna vifaa vipya na mmesoma. Kuna mmoja wenu anayejua kichujio kinachopitisha wimbo na kuzuia swali?

Mwenye jibu asinipigie simu, sitasikia. Aje nyumbani jioni. Atanikuta nyuma ya boksi na bisibisi yangu. Asiniite babu, wala asimwite yeye mke wangu. Aniite fundi, kama zamani. Na bibi akimuuliza kama nimemaliza, namwomba amwambie bado.